Kulanti ya gari la zamani: Usichague kwa rangi

GARI linapochemsha katikati ya foleni ya Dar es Salaam, jambo la kwanza ambalo madereva wengi hulifanya ni kufungua boneti, kusubiri mvuke upungue na kutafuta dumu la maji. Huwa hawachagui. Yakiwa ya bomba sawa, ya kisima sawa, hata ya mtaroni wengine huyatumia. Injini ikishapoa safari huendelea, na mwenye gari hujiridhisha kuwa tatizo limekwisha.

Ukweli ni kwamba mara nyingi huo ndio mwanzo wa tatizo lenyewe. Gari la zamani halifi kwa kuchemsha siku moja tu. Hufa kidogo kidogo kutokana na kile kinachozunguka ndani ya rejeta na injini kwa miaka mingi bila ya mwenyewe kukijali. Siku linapochemsha kweli, hedi hupinda, gasketi huungua, mafuta ya injini hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na fundi hutaja gharama ambayo pengine inakaribia thamani ya gari lote.

Magari mengi yanayotembea katika barabara za miji yetu yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika, hasa nchini Japani. Mengi yana zaidi ya miaka 15, na yamepita katika mikono ya wamiliki na mafundi kadhaa. Kwa magari ya aina hiyo, kuchagua kulanti sahihi ni jambo la lazima. Makala haya yanaeleza kulanti ni nini, inafanya kazi gani, na mwenye gari la zamani aichague kwa kutazama mambo yapi.

Si dawa ya baridi tu

Wapo wanaoamini kuwa kulanti ni ya watu wa Ulaya. Hoja yao inaeleweka. Chupa nyingi zimeandikwa kuwa kilichomo ni dawa ya kuzuia maji yasigande, na Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hakuna mtu aliyewahi kukuta maji ya rejeta yamegeuka barafu asubuhi. Kwa nini basi anunue?

Ni kweli kuwa historia ya kulanti ilianzia kwenye baridi. Madereva wa Marekani na Ulaya walikuwa wakichanganya pombe za viwandani katika maji ya rejeta ili yasigande na kupasua injini. Pombe hizo zilikuwa zikichemka na kupotea hewani upesi. Mwaka 1927 chapa ya Prestone ilianza kuuza kemikali iitwayo ethilini glaikoli kwa kazi hiyo, na hadi leo kemikali hiyo ndiyo msingi wa kulanti nyingi duniani.

Hata hivyo, kuzuia kuganda ni kazi moja tu kati ya tatu. Kazi ya pili ni kuchelewesha kuchemka. Maji matupu yakiwa katika sufuria iliyo wazi ufukweni huchemka kwa nyuzi joto 100. Ndani ya rejeta, kifuniko chenye springi huongeza shinikizo na kupandisha kiwango hicho. Kifuniko kilichoandikwa 0.9, ambacho ni cha kawaida kwa magari ya Kijapani, hufanya maji matupu yachemke karibu na nyuzi 118. Maji yakichanganywa nusu kwa nusu na ethilini glaikoli, kiwango hupanda hadi karibu nyuzi 125.

Tofauti hiyo huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini gari linapopanda Mlima Kitonga mkoani Iringa likiwa na abiria na mizigo, nyuzi hizo chache ndizo huamua kama litafika kileleni au litaegeshwa kando ya barabara. Ikumbukwe pia kuwa kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Mjini Iringa, ulio zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, maji ya sufuriani huchemka yakiwa karibu na nyuzi 95.

Kazi ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote kwa mwenye gari la zamani, nayo ni kuzuia kutu. Maji hubeba joto vizuri kuliko glaikoli, hilo halina ubishi. Lakini maji hayana chochote cha kuilinda injini. Ndani ya kulanti mmetiwa viungo vya kuzuia kutu, na viungo hivyo ndivyo vinavyotofautisha chupa moja na nyingine.

Injini kama betri

Injini ya gari si ya metali moja. Toyota Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini ya aina ya 5A-FE, kwa mfano, ina bloku ya chuma cha kusubu na hedi ya alumini. Magari ya zamani zaidi yana rejeta ya shaba iliyounganishwa kwa lehemu yenye madini ya risasi. Ongeza hapo gasketi, sili za pampu ya maji na mipira ya kupitishia maji.

Metali mbili tofauti zikigusana huku zimezama katika maji yenye chumvi, hufanya kazi kama betri ndogo. Metali iliyo dhaifu huliwa taratibu ili nyingine ipone. Katika injini nyingi inayoliwa ni alumini, na alumini ndiyo iliyotengenezea hedi.

Hapa ndipo suala la maji linapokuwa zito kwa wakazi wa pwani. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi. Mtu anayejaza rejeta kwa maji hayo anaipa betri ile ndogo nguvu ya kufanya kazi usiku na mchana. Maji yenye chokaa nayo huacha ukoko katika njia nyembamba za rejeta, kama ukoko unaoonekana ndani ya birika la chai. Ukoko huo huzuia joto lisitoke, na rejeta inayoonekana nzima kwa nje huwa imeziba nusu kwa ndani.

Rangi haisemi kitu

Muulize fundi wa mtaani gari lako linatumia kulanti gani, na mara nyingi atakujibu kwa rangi: ya kijani, nyekundu au bluu. Jibu hilo limeharibu injini nyingi.

Rangi ya kulanti ni rangi tu, iliyotiwa kiwandani ili kuitambulisha bidhaa na kurahisisha kuona panapovuja. Hakuna kanuni ya kimataifa inayolazimisha rangi fulani iwe na viungo fulani. Mfano mzuri ni rangi nyekundu. Kulanti nyekundu ya Toyota ya miaka ya 1990 ina viungo vya fosfati. Kulanti nyekundu ya Volkswagen iitwayo G12, iliyoanza kutumika katika muongo huohuo, imetengenezwa kwa asidi za kikaboni na haina fosfati. Mtu akiziweka katika glasi mbili hataona tofauti kubwa, lakini ni vitu viwili mbalimbali.

Kinachopaswa kutazamwa ni aina ya viungo vya kuzuia kutu. Kwa ujumla kuna makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la kulanti za zamani, ambazo hutumia madini kama silikati, fosfati na borati. Hulinda haraka kwa kufunika metali yote kwa utando mwembamba. Udhaifu wake ni kwamba viungo hivyo huisha upesi, hivyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi.

Kundi la pili ni la asidi za kikaboni, lililoenea kuanzia miaka ya 1990. Hizi hushika pale tu panapoanza kuliwa, hivyo hudumu muda mrefu, mara nyingi miaka mitano. Zilitengenezwa kwa ajili ya injini na rejeta za alumini.

Kundi la tatu ni la mchanganyiko wa hayo mawili. Watengenezaji wa Ulaya kwa kawaida huongeza silikati na kuepuka fosfati, kwa sababu maji ya sehemu nyingi za Ulaya yana chokaa, na fosfati ikikutana na chokaa hutengeneza ukoko. Wajapani hufanya kinyume chake. Huongeza fosfati na kuepuka silikati, kwa kuhofia kuwa silikati huchakaza sili za pampu ya maji.

Ipi kwa gari lipi

Kanuni ya kwanza haina mbadala: fuata kitabu cha gari. Tatizo ni kwamba magari mengi yaliyotumika huja bila kitabu, au huja na kitabu cha Kijapani. Katika hali hiyo mwongozo ufuatao unaweza kusaidia.

Kwa magari ya kabla ya miaka ya 1980 hivi, kama vile Land Rover za zamani na Peugeot 504, yenye rejeta za shaba na lehemu ya risasi, kulanti inayofaa ni ya kundi la kwanza. Zile za asidi za kikaboni pekee hazipendekezwi, kwa kuwa hazikutengenezwa kwa kufikiria lehemu ya risasi wala sili za wakati huo. Mwenye gari la aina hii asivutiwe na maneno ya dukani kuwa ya miaka mitano ni bora zaidi.

Kwa magari ya Kijapani ya miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambayo ndiyo mengi katika miji yetu, tafuta kulanti yenye fosfati na isiyo na silikati, iliyoandikwa kuwa ni ya magari ya Kijapani au ya Asia. Kiwango cha Japani kinachohusika ni JIS K 2234, na namba hiyo ikionekana kwenye chupa ni dalili njema.

Kwa magari ya Ulaya ya miaka ya 1990 na kuendelea, fuata alama ya mtengenezaji bila kubahatisha. G12 ya mwanzo ya Volkswagen, kwa mfano, haikupaswa kuchanganywa na G11 iliyoitangulia. Zikichanganyika hugeuka rangi ya kahawia na kufanya tope.

Malori na mabasi makubwa ya dizeli yana mahitaji yake. Katika injini hizo laina za silinda mara nyingi huzungukwa na maji moja kwa moja, na mtikisiko wake hutengeneza viputo vinavyopasuka juu ya chuma na kukitoboa polepole. Kulanti yake lazima iwe na viungo vya kuzuia hali hiyo, hivyo ile ya gari dogo haitoshi.

Mwenye Volkswagen Beetle ya zamani hana la kuhangaika. Injini yake hupozwa kwa hewa, na haina rejeta ya maji kabisa.

Je, kulanti hutoboa rejeta?

Malalamiko haya husikika katika kila gereji. Mtu ametumia maji matupu kwa miaka mitano, gari halina shida. Siku anaposhauriwa kutia kulanti, wiki moja baadaye rejeta inavuja. Anarudi kwenye maji na kuapa kuwa hatarudia tena.

Kulanti haikuitoboa rejeta yake. Kutu na ukoko wa miaka mitano ndivyo vilivyoitoboa, na ukoko huohuo ukawa umeziba matundu. Rejeta iliposafishwa, na maji yenye glaikoli ambayo hupenya kwa urahisi kuliko maji matupu yalipoingia, matundu yalionekana. Rejeta hiyo ilikuwa mgonjwa ambaye hajapimwa.

Kwa sababu hiyo, mwenye gari lililokaa na maji kwa muda mrefu asikurupuke. Kwanza mfumo upimwe kwa pampu ya shinikizo, mipira iliyolegea au kupasuka ibadilishwe, na pampu ya maji ikaguliwe. Ni vyema tundu likaonekana gereji badala ya kuonekana njiani usiku.

Hapohapo fundi aulizwe kama thamostati ipo. Mafundi wengi huitoa wakiamini kuwa gari litapoa zaidi. Kifaa hicho, ambacho katika magari mengi hufunguka injini ikifika nyuzi 80 na kitu, huiwezesha injini kufikia joto lake la kazi. Kikiondolewa, injini huchelewa kupata moto, hula mafuta mengi na huchakaa mapema, huku chanzo cha kuchemsha kikiwa palepale.

Vipimo na maji ya kuchanganyia

Kulanti huuzwa kwa namna mbili. Ipo iliyokwisha kuchanganywa, ambayo humiminwa kama ilivyo, na ipo nzito ambayo lazima ichanganywe na maji. Wapo walionunua ile iliyochanganywa wakaiongezea maji tena, na kubaki na viungo vichache visivyoweza kulinda chochote.

Kipimo cha kawaida cha ile nzito ni nusu kwa nusu. Kwa nchi ya joto kiasi kinaweza kupungua, lakini kisishuke chini ya theluthi moja ya mchanganyiko wote, kwa sababu kinga ya kutu nayo hupungua. Kuzidisha pia ni kosa. Kulanti ikizidi asilimia 60 au 70, mchanganyiko hubeba joto vibaya na injini huweza kuchemsha kwa sababu ya dawa iliyokusudiwa kuipoza.

Maji ya kuchanganyia yawe yale yaliyoondolewa madini, yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri. Mnunuzi ahakikishe kuwa ni maji tu, si asidi ya betri. Yakikosekana, maji safi ya mvua yaliyokingwa bila kupita kwenye bati lenye kutu ni afadhali kuliko ya kisima cha chumvi.

Kutambua ya bandia

Soko letu halikosi maji ya rangi yanayouzwa kama kulanti. Kagua chupa kwanza. Kulanti ya kweli hutaja kemikali iliyomo, kipimo cha kuchanganya na kiwango cha ubora, kama vile ASTM D3306 cha Marekani, BS 6580 cha Uingereza au JIS K 2234. Chupa iliyoandikwa rangi na jina tu, bila lolote kati ya hayo, iachwe dukani.

Gereji zenye vifaa zina kipimo kidogo cha kuonyesha kiasi cha glaikoli kilichomo. Ni kazi ya dakika moja, na mwenye gari ana haki ya kuiomba. Friza la nyumbani hushuka hadi karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, na mchanganyiko halisi wa nusu kwa nusu hauwezi kuganda humo, ilhali maji ya rangi huganda. Hata hivyo, zipo kulanti halali za nchi za joto ambazo zina viungo vya kuzuia kutu bila glaikoli, nazo huganda pia. Kwa hiyo kuganda peke yake si ushahidi, isipokuwa kama chupa imedai kuwa ina glaikoli.

Wakati wa kubadilisha

Fungua kifuniko injini ikiwa imepoa kabisa, kamwe si ikiwa ya moto, kwani mvuke wake huunguza uso na mikono kwa nukta moja. Kulanti iliyo nzima huwa angavu. Ikiwa na rangi ya kutu, ina tope, au ina utando wa mafuta juu yake, imekwisha au kuna hitilafu kubwa zaidi. Mafuta ndani ya rejeta huweza kuwa dalili ya gasketi iliyoungua, na hapo kubadilisha kulanti pekee hakutasaidia.

Unapohama kutoka aina moja kwenda nyingine, usiongeze juu ya ile ya zamani. Viungo vya aina tofauti huweza kuharibiana, na baadhi huganda kama uji. Mwaga yote, suuza kwa maji safi hadi yatoke meupe, suuza mara ya mwisho kwa maji yasiyo na madini, kisha jaza. Washa injini kifuniko kikiwa wazi na hita ikiwa imefunguliwa ili hewa itoke, na uongeze kadiri kiwango kinavyoshuka. Siku inayofuata, kabla ya kuwasha, angalia tena. Tarehe na aina ya kulanti iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa chini ya boneti, ili fundi atakayefuata asibahatishe.

Ukikwama njiani bila kulanti, ongeza maji ufike, wala usione aibu. Kosa ni kuyaacha humo mwaka mzima.

Sumu yenye ladha tamu

Jambo la mwisho linahusu uhai wa watu. Ethilini glaikoli ni sumu kali, na ina ladha tamu inayowavutia watoto na mbwa. Ikiingia mwilini hubadilika kuwa asidi zinazoharibu figo, na kiasi kidogo kinatosha kumuua mtoto. Dalili za mwanzo hufanana na ulevi, hivyo huweza kupuuzwa.

Kulanti isihifadhiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, desturi iliyozoeleka sana majumbani mwetu. Ile iliyomwagwa isielekezwe mtaroni wala kuachwa kwenye karai uani. Mtu akiinywa apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri dalili, na chupa yake ipelekwe pia. Ipo kulanti ya propilini glaikoli, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi, na familia zenye watoto wadogo zinaweza kuifikiria iwapo inakubaliana na gari lao.

Dumu la kulanti ni ghali kuliko ndoo ya maji, lakini ni nafuu kuliko kusaga hedi, na ni nafuu mno kuliko kununua injini nyingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye gari la zamani, ufa huo uko ndani ya rejeta, mahali ambapo hauonekani.